Kinyonga hataki kula, kafumba macho, kawa mweusi: kagua keji kwanza kabla hujatafuta dawa

Wafugaji wengi wakiona kinyonga hayuko sawa swali la kwanza ni nimpe dawa gani. Mi nasema ngoja, dawa baadae. Magonjwa mengi ya kinyonga anayefugwa yanaanzia kwenye keji, yaani joto, mwanga wa UVB (mionzi isiyoonekana kama ile ya jua), maji na msosi, na usipokagua hivyo vitu vinne unaweza ukampa antibayotiki akachangamka siku chache alafu akarudi palepale, maana kilichomuumiza bado kipo na anakaa nacho masaa 24. Kitu kingine ukijue kabisa ni kwamba kinyonga anaficha ugonjwa. Porini akionekana dhaifu analiwa, kwahiyo anajikaza mpaka nguvu za kujikaza ziishe, na siku unayomkuta yuko sakafuni mwa keji mchana kafumba macho tatizo lenyewe lina wiki kadhaa, pengine miezi. Ndo maana dalili ndogo ndogo zina thamani kuliko hizo kubwa.

Kabla hujamgusa, pima

Usikisie joto kwa kiganja. Weka vipimajoto viwili, kimoja juu pale anapoota joto na kingine chini, weka na kipima unyevu, alafu tafuta mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma gramu. Mzani mi nauweka mbele ya vyote kwasababu uzito unaanza kushuka kabla macho hayajazama na kabla hajakataa chakula. Mpime kila wiki asubuhi kabla hajala, weka kijiti juu ya mzani, rudisha sifuri, mwache apande mwenyewe, andika namba. Mdogo anatakiwa aongezeke, mkubwa abaki kwenye uzito wake, na mkubwa akipoteza kama asilimia 10 bila sababu inayoeleweka kama kutaga, hapo usisubiri wiki ingine.

Alafu ujue una kinyonga wa aina gani, hapa ndo watu wengi wanachemka. Kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, dume mkubwa anataka sehemu ya kuota joto ifike nyuzi 29 mpaka 35, kinyonga aina ya panther wa Madagaska anatosheka na 29 mpaka 32, lakini kinyonga wa Jackson mwenye pembe tatu kwao ni milimani Kenya na Tanzania kwenye baridi na ukungu, ukimwekea joto la Yemeni unamchemsha, yeye 26 mpaka 29 inamtosha na usiku anataka baridi kweli, hata nyuzi 15 kwake ni raha. Wote usiku wanahitaji giza na joto lishuke. Zile balbu nyekundu au za bluu za usiku toa, anaona mwanga wake na hapumziki.

Macho yamezama, au yamefumba mchana

Macho ndo kioo cha kinyonga mzima, kwahiyo tuanze nayo. Kinyonga mwenye afya halali mchana. Akifumba macho saa sita mchana taa imewaka, hiyo ni dharura, usijiambie kachoka.

Macho yakizama ndani, kikope kikaonekana kama kimedumbukia, mara nyingi ni kukosa maji. Hakikisha kwa kuangalia kinyesi: pamoja na kile cheusi au cha kahawia kuna kipande kingine ambacho ndo mkojo wake, kinatakiwa kiwe cheupe. Ncha ikiwa na unjano kidogo bado sio mbaya, ila kikiwa cha njano chote au kimeelekea rangi ya chungwa na kimekauka kama chaki, mnyama ana kiu ya siku nyingi. Na hapo utasikia mwenyewe anasema lakini nimemwekea bakuli la maji. Bakuli halimsaidii, vinyonga wengi maji yaliyotulia hawayatambui kama maji ya kunywa, wanalamba matone yanayong'aa na kutembea kwenye majani. Anachotaka ni kupuliziwa maji kwenye majani dakika mbili tatu mfululizo, asubuhi taa zinapowaka na jioni zinapokaribia kuzima, na mchana kuwe na kichupa kinachodondosha tone moja moja juu ya jani. Kupuliza sekunde kumi ukaondoka haisaidii, wengi wanahitaji muda tu kabla hata hawajaanza kunywa, na wengine hawanywi ukiwa umesimama unawaangalia.

Aliyekauka kidogo unaweza kumweka juu ya mmea wa chungu bafuni, ukafungulia bomba la mvua la maji ya uvuguvugu ligonge ukutani ili yeye apate mvuke na matone tu, nusu saa hivi na we uko hapo hapo. Usimpulizie presha ya maji moja kwa moja. Na tafadhali usimfungue mdomo kwa nguvu ukamjaza maji kwa sirinji kama hujaonyeshwa, tundu la pumzi liko hapo hapo kwenye sakafu ya mdomo na maji yakiingia mapafuni umeongeza ugonjwa wa pili. Aliyezama macho na hana nguvu ya kushika kijiti huyo ni wa daktari, atawekewa maji chini ya ngozi.

Macho kuvimba ni stori nyingine. Kwanza kuna hali ya kawaida ambayo inatisha watu bure: unamwona anavimbisha jicho kama puto, analizungusha, analisugua kwenye kijiti, baada ya dakika chache linarudi. Anasafisha jicho, mwache. Ikiwa ni jicho moja na limebaki limevimba mpaka kesho yake, pengine kuna kitu kimeingia ndani ya kikope, kipande cha ngozi aliyovua au kiguu cha mdudu, ongeza kupulizia maji kwa muda mrefu na lisipofunguka likaoshwe kwa daktari. Ikiwa macho yote mawili yamevimba fikiria mambo mawili. La kwanza taa, kuna zile balbu fupi za UVB zilizojikunja kama springi, matoleo yake ya zamani yalijulikana kuunguza macho ya reptilia, na hata taa nzuri ikikaa karibu mno inaumiza. La pili ni upungufu wa vitamini A. Wadudu tunaowalisha wana vitamini A kidogo sana, na mnyama anayekula nyenje watupu miezi na miezi anaanza kuvimba kope, ngozi inagoma kutoka vizuri, hata ulimi unapoteza ule ute wa kunatisha mdudu unaona anapiga kabisa anafika lakini mdudu anabaki palepale. Tafuta maltivitamini yenye vitamini A yenyewe, imeandikwa retinol au asetati yake (retinyl acetate), sio beta-karotini peke yake, mpake kwenye wadudu mara mbili kwa mwezi. Zaidi ya hapo usiende, vitamini A ikizidi nayo ni sumu, na sindano yake ni ya daktari. Matone ya macho ya binadamu uliyonayo kabatini yaache, mengine yana steroidi na jicho lenye kidonda haliyataki.

Miguu imepinda, anatetemeka, hashiki kijiti vizuri

Huu ugonjwa unaniuma kwasababu unazuilika kabisa. Mifupa inalainika. Mlolongo wake uko hivi: mwanga wa UVB ukipiga ngozi unamsaidia kutengeneza vitamini D3, D3 ndo inaruhusu kalsiamu ya kwenye chakula ifyonzwe tumboni, sa ukikosa UVB au ukikosa kalsiamu damu inabaki haina, na misuli na moyo haviwezi kukaa bila kalsiamu, kwahiyo mwili unaanza kuichukua kwenye mifupa yake wenyewe. Mwanzo utaona vitu vidogo: anatembea kwa kujikokota, tumbo linagusa kijiti badala ya kuinuka, anakosa kulenga, ulimi hautoki mbali. Baadae viwiko vinapinda, taya linakuwa laini na halifungi vizuri, kishungi cha kichwani kinalala upande, anatetemeka vidole, na wengine wanajishika mguu wao wenyewe badala ya kijiti. Akifika hapo mfupa unaweza kuvunjika kwa kumshika tu.

Maswali ya kujiuliza. Je taa ya UVB ipo kweli, au ni balbu ya joto tu inayowaka vizuri? Balbu ya joto haina kazi hiyo. Taa ninayoipendekeza ni tyubu ndefu nyembamba, ile inaitwa T5, ya UVB asilimia 5 au 6, inayofunika urefu wa keji kwa juu, na mgongo wa mnyama akiwa pale anapoota uwe kama sentimita 20 hivi kutoka kwenye taa. Je kuna kioo au plastiki katikati? Vyote vinazuia karibu UVB yote, kwahiyo kumweka dirishani nyuma ya kioo hakumsaidii mifupa hata kidogo, na joto linaweza kupanda akafa. Je taa ina muda gani? Itaendelea kung'aa miaka lakini UVB yenyewe inashuka, badilisha kila miezi 6 mpaka 12 kulingana na aina, au upime kwa kipima UVB kama unacho, pale anapoota namba ya UV index iwe kama 3 kwa Yemeni na panther. Andika tarehe ya kuiwasha kwa maka penye fremu.

Upande wa chakula, unga wa kalsiamu usio na D3 unapakwa kwenye wadudu karibu kila mlo, wenye D3 mara mbili kwa mwezi kama taa iko sawa. Safu nyembamba tu, mdudu asiwe mweupe kama kaviringishwa kwenye ngano. Na wadudu wenyewe walishwe vizuri masaa 24 kabla, majani ya kijani, karoti, boga, maana mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Badilisha badilisha, nyenje, mende wa kufugwa, panzi, viwavi vya hariri, funza wa BSF (nzi weusi, black soldier fly) ambao kalsiamu wanayo nyingi kiasili.

Kinyonga ambaye tayari miguu imepinda, miguu haitanyooka tena, ila ugonjwa unasimama na anaweza kuishi vizuri tu ukiwahi. Wakati unatafuta daktari shusha vijiti vyote chini karibu na sakafu, weka kitambaa laini chini, na usimshikeshike. Usijaribu kufidia kwa kummwagia D3 nyingi, inakaa mwilini na ikizidi inaharibu figo. Ukiona shingo na koo vimevimba vinacheza kama mfuko wa maji, mara nyingi ni dalili kwamba mavitamini yamezidi au figo zina shida, simamisha unga wenye vitamini na D3 alafu apimwe.

Anakaa mdomo wazi

Hapa angalia yuko wapi. Kama yuko chini ya taa ya joto, rangi imepauka, mdomo wazi kidogo, amepata joto la kutosha anajipooza. Pima pale, ukikuta imezidi inua taa. Ikiwa anaachama muda mrefu kila siku basi hana sehemu ya kukimbilia kwenye ubaridi, keji yote imekuwa ya moto.

Kama yuko mbali na taa, mdomo wazi, pua imeelekea juu, na ukisogeza sikio unasikia mlio wa kukwaruza au kupasuka pasuka kama mapovu, hiyo ni infeksheni ya mapafu. Ute mdomoni, mapovu puani, mwili unajivimbisha na kunywea kila anapovuta pumzi. Hii haiponi kwa kuongeza joto tu, inataka antibayotiki ya daktari, na daktari mzuri atachukua sampuli ajue ni bakteria gani. Ila sababu ni yako kuirekebisha: keji zilizozibwa pande zote hewa haitembei, unyevu mchana kutwa bila kukauka. Yemeni na panther, keji ikauke kati ya mpulizio mmoja na mwingine. Unyevu mkubwa uwe usiku kukiwa na ubaridi, mchana ushuke, kwa Yemeni 30 mpaka 50 asilimia mchana haina shida kabisa. Unyevu mwingi pamoja na joto la usiku, huo ndo mchanganyiko wa kuogopa.

Na kama mdomo haufungi sawa, kuna uvimbe pembeni ya mdomo au vipande vya njano kama jibini kwenye fizi, ni kuoza mdomo, mara nyingi ameumia kwa kujigonga kwenye wavu au kung'atwa na nyenje waliobaki kwenye keji usiku. Daktari tena. Usikwangue.

Amekataa kula

Hapa watu wanapaniki mapema kuliko inavyotakiwa. Mkubwa anayevua ngozi anaweza kugoma siku mbili tatu, na mkubwa anayepewa mdudu wa aina moja kila siku anamchoka kabisa, mletee panzi au kiwavi cha kijani uone. Mkubwa mwenye uzito ulioshikilia na macho yaliyochangamka, wiki moja ya kususa haimuui. Mtoto wa miezi miwili mitatu akigoma siku mbili hiyo ni haraka.

Pitia: joto limefika pale juu? Baridi hawezi kumeng'enya kwahiyo hataki kula. Anaona kinyonga mwingine au kivuli chake kwenye kioo? Vinyonga wanakaa mmoja mmoja kila mtu na keji yake, hata kuonana tu kunawaumiza, anakuwa kwenye vita ambayo haiishi. Keji iko kwenye njia ya watu, mbwa anapita, tv inawaka mbele yake? Majani ni machache hana pa kujificha? Kinyonga asiyekuwa na majani ya kujifunika anakuwa na stresi kila saa, jaza mimea, pothosi, fikasi, haibiskasi, na Yemeni atakula majani mengine kwahiyo iwe mimea isiyopigwa dawa.

Kama anataka kula, anamlenga mdudu, anafungua mdomo, alafu ulimi hautoki au unatoka nusu, basi sio hamu, ni ulimi au kalsiamu. Mlishe kwenye kikombe karibu na uso mpaka atazamwe. Ulimi ukitoka ukashindwa kurudi usiuvute na usiukate, uloweshe kwa maji safi usikauke mkimbilie daktari.

Wadudu wa kuokota nje mi siwapendi kwasababu ya dawa za kupulizia mashambani. Na kimulimuli usimpe hata mmoja, wana sumu na wameshaua mijusi wa kufugwa.

Jike anahangaika, anachimba kwenye pembe

Hii sehemu msome hata kama hamna dume. Jike wa Yemeni na wa panther anatunga mayai bila kupandwa, Yemeni anaweza kuanza akiwa na miezi mitano sita tu, na mayai yale ambayo hayajarutubishwa lazima yatoke kama mengine. Hana mahali pa kuchimba, anayashikilia, anakufa nayo. Majike wengi wanaondoka hivi na mwenye mnyama anasema alikuwa mzima jana.

Kuanzia miezi minne mwekee ndoo au beseni lenye kina kama sentimita 30, mchanga uliooshwa umechanganywa na udongo usio na mbolea, umelowana kiasi kwamba ukichimba shimo kwa kidole haliporomoki. Liache humo muda wote. Utajua siku zimekaribia akiwa mnene upande wa chini, anatembea tembea sakafuni ambako sio kawaida yake, hali vizuri, anakwaruza. Akianza kuchimba funika keji kwa shuka, usichungulie, akikuona ataacha shimo na mayai yabaki tumboni. Anaweza kuchimba siku nzima akalala humohumo shimoni akaendelea kesho, mwache. Akimaliza anafukia na kuja juu mwembamba amechoka, mpe maji mengi na wadudu wenye kalsiamu.

Cha kukuogopesha ni huyu: amechimba chimba akaacha, siku mbili zimepita hajataga, amelala chini, macho yanafumba, hashiki. Huyo mayai yamekwama, hakuna dawa ya nyumbani, ni eksirei na pengine operesheni, leo sio kesho.

Na idadi ya mayai unaweza kuipunguza. Jike wa Yemeni anayelishwa kila siku mpaka ashibe na kuoteshwa joto kali anaweza kutaga 60 au zaidi kwa mpigo, mwili unaisha. Jike mkubwa mpe wadudu watatu wanne baada ya siku moja moja na joto la pale juu lisizidi sana 27, mayai yanakuwa machache na anaishi zaidi. Wa Jackson yeye anazaa watoto hai, beseni halimhusu.

Amekuwa mweusi, au amepauka

Ile ya kwamba anajibadilisha kufuata rangi ya alipokaa sio kazi kuu ya rangi zake, kwahiyo usitafute ugonjwa kwa kulinganisha na kijani cha majani. Rangi inasema joto, hasira, hofu na hali ya mwili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwa panther kwamba kwenye ngozi kuna vijifuwele vidogo sana, akitulia vinakaa karibu karibu na akichachamaa vinaachana, na rangi inayoakisiwa inabadilika. Ndo maana hali yake inaonekana nje kwa sekunde.

Mweusi asubuhi ubavu umeelekezwa kwenye taa, anavuta joto, kawaida. Kupauka usiku akiwa amelala, kawaida. Mweusi mchana kutwa na joto liko sawa, kuna kinachomsumbua au anaumwa. Doa moja jeusi au jeupe lisilobadilika juu ya kishungi au uti wa mgongo, baadae linakuwa na malengelenge, hiyo ni kuungua. Kinyonga hasogei mbali na balbu hata ngozi inapoungua, kwahiyo balbu ikae nje ya wavu na asiweze kuifikia, sentimita 20 mpaka 30 kutoka kijiti cha juu.

Ngozi kutoka vipande vipande ni kawaida yake, haitoki nzima kama ya nyoka. Angalia tu vidole na ncha ya mkia, ikibaki pete ya ngozi kavu inakaza damu mpaka kidole kinakufa. Loweka kwa maji, usibandue kwa nguvu. Vifundo vya vidole vikivimba na kuuma anapotembea, hasa aliyekosa maji muda mrefu, inaweza kuwa gauti, hapo ni vipimo vya damu. Kinyesi laini chenye harufu kali na uzito unashuka ingawa anakula, ni minyoo au koksidia (vimelea vidogo vya utumbo), peleka sampuli. Aliyekamatwa porini mchukulie ana minyoo mpaka vipimo vikatae, na hata kwa sheria vinyonga wengi wako kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) kwahiyo nunua aliyezaliwa kwenye ufugaji na ana karatasi zake.

Kumshika bila kumuumiza na bila kuumia

Kinyonga sio wa kubebwa kila siku. Yeye kushikwa anakuvumilia tu, wachache wanazoea wakawa wanakuja wenyewe na hao ni wa kufurahia, lakini usimlazimishe asiyetaka eti azoee.

Usimchukue kutokea juu. Ndege ni mmoja wa maadui zake wakubwa, mkono unaoshuka juu ya kichwa kwake ni mwewe. Leta mkono mbele yake, chini kidogo ya kifua, utulie. Anapenda kupanda kwenda juu, kwahiyo mkono ukiwa mbele na mbele ikawa juu kidogo atapanda. Mwingine mkono haumpendi, mpe kijiti. Kama lazima umtoe, msukume taratibu nyuma ya mkia kwa kidole apige hatua. Kosa baya kuliko yote ni kumng'oa kwenye tawi: vidole vyake vimegawanyika makundi mawili kama koleo, anapobana amebana kweli, ukivuta unatoa kucha, unategua kifundo, kwa mwenye mifupa laini unavunja mguu. Fungua vidole kimoja kimoja, anza na miguu ya nyuma, mkia mwisho. Mkia usiushike wala kumning'iniza nao, ukikatika hauoti tena.

Akivimba, akajibana bapa ubavu umekuelekea, akaachama, akafoka pumzi na kuyumba, amekwambia hapana. Rudisha mkono. Yemeni haswa dume anang'ata na damu inatoka, ila kinyonga hana sumu. Akikung'ata usivute, meno yake yameota juu ya mfupa wa taya na hayaoti tena yakivunjika, tulia, mshushe kwenye tawi ili ashike kitu, ataachia. Osha kwa sabuni.

Mshike ukiwa umekaa chini, akianguka aanguke kwenye mapaja. Dakika tano kumi zinatosha, akianza kuwa mweusi mrudishe. Jike mwenye mayai na anayevua ngozi usiwaguse kabisa bila sababu.

Mikono osha kwa sabuni na maji kila baada ya kumgusa yeye, keji au kinyesi, hata mzima wa afya anabeba salmonela tumboni bila dalili. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Usimbusu, picha sio lazima.

Safari ya kwenda kwa daktari

Tafuta daktari anayejua reptilia sasa hivi mnyama akiwa mzima, sio usiku wa dharura. Kiboksi kidogo chenye matundu, kijiti kimoja kilichofungwa chini chini au tambara la kushikilia, giza, joto la kawaida la chumba, na usimwache kwenye gari juani hata dakika tano. Ikiwa kuna nyama imetokeza nyuma kwenye tundu la haja, iloweshe kwa maji safi yenye sukari nyingi, ifunike kwa pedi iliyolowana, usiirudishe mwenyewe, ondoka hapo hapo.

Beba kinyesi kibichi cha siku hiyo kwenye kichupa chenye tone la maji kisikauke, picha za keji zikionyesha taa na vijiti kwa umbali, paketi za unga unaotumia, tarehe uliyowasha taa ya UVB, orodha ya uzito wa wiki zote, na kama anafanya kitu cha ajabu kama kutetemeka au mlio wa pumzi mrekodi kwa simu nyumbani, maana akifika pale mezani atajikaza na daktari hatakiona.